Mshale wa Joto Ukipanda: Kwa Nini Kila Fundi Ana Jibu Lake

Mwezi wa kumi mwaka jana shemeji yangu alinipigia simu akiwa Ruaha Mbuyuni, amesimama kando ya wauza vitunguu. Pikapu yake ya dizeli ya mwaka 1996 ilikuwa na mifuko 24 ya saruji ya kupeleka Iringa.

"Shem, haijachemsha," alianza, kama mtu anayejitetea. "Ila mshale umehama. Siku zote unalala chini kidogo ya nusu. Leo uko robo tatu, na mlima wa Kitonga bado sijaugusa."

Kabla yangu alikuwa ameshawauliza mafundi watatu. Wa kwanza, kwa simu kutoka Dar es Salaam, alimwambia ang'oe themostati. Wa pili alimwambia gasketi ya silinda hedi imekufa, aanze kutafuta pesa. Wa tatu, palepale barabarani, alimwambia gari ni zee na hilo ndilo joto lake. Majibu matatu, na kila moja linaweza kuwa kweli. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna hata mmoja aliyemuuliza mshale unapanda wakati gani: kwenye foleni, kwenye tambarare au mlimani. Swali hilo halina gharama, na majibu yake yanafuta nusu ya watuhumiwa kabla hujashika spana.

Ili swali hilo likusaidie, inabidi kwanza ujue joto la injini linatoka wapi na linapita wapi.

Jiko, kisosi na mlinzi wa geti

Injini ni jiko lililofungiwa ndani ya chuma. Katika mafuta yote unayochoma, takriban theluthi moja tu ndiyo inayoishia kusukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi kwenye ekzosi. Iliyobaki huingia kwenye chuma chenyewe, na kazi ya kuitoa humo imepewa maji. Maji huzunguka ndani ya bloku (mwili wa injini) na silinda hedi (kichwa chake), yakabeba joto, yakalipeleka mbele kwenye rejeta, yakapoa na kurudi kuchukua jingine.

Umewahi kumwona mzee akimimina chai ya moto kwenye kisosi? Kikombe kizima kinachelewa kupoa, lakini chai ileile ikitandazwa kwenye kisosi hewa inaishika upesi. Rejeta ni kisosi hicho. Inayagawa maji kwenye mirija myembamba mingi iliyounganishwa na vibati vyepesi ili upepo upate mahali pa kushika. Pampu ya maji ndiyo inayoyasukuma, na feni huvuta upepo pale gari linapokwenda taratibu au limesimama. Kwenye pikapu nyingi za zamani vyote viwili huzungushwa na injini kupitia mkanda. Kumbuka hilo, tutalirudia tukifika mlimani.

Themostati ni mlinzi wa geti. Injini ikiwa baridi anafunga njia ya kwenda kwenye rejeta ili injini ipate moto haraka. Maji yakifika kama nyuzi 82 za Selsiasi anaanza kufungua, na yakikaribia 95 geti liko wazi kabisa. Namba hutofautiana kidogo kati ya injini na injini, na mara nyingi imechongwa kwenye themostati yenyewe.

Halafu kuna kifuniko cha rejeta, ambacho watu wengi hukiona kama kizibo tu. Kazi yake ni ile ya mfuniko wa sufuria ya presha. Mtu wa Dar es Salaam akihamia Njombe hugundua haraka kwamba maharage yanachelewa kuiva. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa takriban 93 tu. Injini nayo ipo kwenye tatizo hilohilo. Kifuniko chenye alama ya 0.9 hushikilia presha mpaka maji yasichemke hadi yakaribie nyuzi 120 ukiwa pwani. Raba yake ikipasuka au springi ikilegea, Dar es Salaam unaweza usione lolote kwa miezi, kisha ukapanda Nyanda za Juu gari likaanza kutema maji kwa joto ambalo juzi lilikuwa halali kabisa. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika hadithi hii, na watu hukikumbuka mwisho.

Joto la juu si kuchemsha

Gari linapochemsha linajitangaza lenyewe: mvuke, harufu tamu ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta), maji yanabubujika kwenye kitungi cha akiba. Joto lililozidi kawaida yake halijitangazi. Ni kama mtu mwenye homa ndogo anayeendelea kwenda shambani.

Kwa pikapu nyingi za dizeli za umri huu, ziwe Hilux zenye injini ya 3L au 5L au Nissan zenye TD27, maji yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95 hakuna la kuuliza. Yakigusa 100 kwenye mlima mrefu ukiwa na mzigo, kisha yakashuka mara tu unapofika juu, bado si jambo la kupigia kelele. Yakipita 105 huku yanaendelea kupanda, punguza mwendo. Yakifika 110, simama.

Lakini geji yenyewe haina namba, ina rangi na vistari. Kwa hiyo usimpimie mshale wako kwa mshale wa jirani. Kila gari lina mahali pake pa kulala. Linalostahili kukufanya ufungue boneti ni badiliko: barabara ileile, mzigo uleule, ila mshale umehama.

Sababu ya kutopuuza ni hii. Kwenye pikapu nyingi za miaka ya 1990 bloku ni chuma cha kusubu na hedi iliyokaa juu yake ni alumini. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Katikati ya hao wawili wasiotanuka sawasawa kuna gasketi nyembamba. Homa ndogo ya kila wiki huichosha, siku moja inaachia, na hapo bei inahama kutoka ya kifuniko kwenda ya injini nzima.

Mshale nao husema uongo

Kabla hujamshitaki rejeta, mhoji shahidi. Geji za pikapu za zamani ni umeme mwepesi sana: sensa moja iliyochomekwa kwenye njia ya maji, waya mmoja, na mshale. Upinzani wa umeme ndani ya sensa hupungua joto linapopanda. Waya ukichubuka na kugusa chuma cha bodi, mshale unaruka hadi mwisho wa nyekundu mara unapowasha swichi, hata kama injini imelala usiku kucha. Waya ukikatika, mshale unalala chini na hauamki.

Ishara ninayoipenda zaidi ni ya geji mbili. Ukiona mshale wa joto na mshale wa mafuta vinapanda na kushuka pamoja, hilo si joto. Tangi halijijazi lenyewe barabarani. Mara nyingi ni waya wa ardhi wa dashibodi au kifaa cha kusawazisha umeme wa geji, na anayehitajika ni fundi umeme, tena kwa nusu saa.

Kama una shaka, pima. Kile kipima joto cha bunduki kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme kinatosha. Usichukue zile bunduki za kupima paji la uso tulizozizoea mwaka 2020, kwa sababu hizo zimetengenezwa kwa mwili wa binadamu na zinaishia kwenye homa. Elekeza pale mpira wa juu wa rejeta unapounganika na injini. Chuma kinachong'aa hudanganya kipimo, kwa hiyo bandika kipande cha selotepu nyeusi na upimie hapo. Bunduki ikisema 88 na mshale uko robo tatu, mgonjwa ni mshale.

Kuna uongo mmoja mbaya kuliko yote. Mshale uliokuwa juu ukianguka ghafla bila sababu, watu hupumua wakasema afadhali imepoa. Mara nyingi haijapoa. Maji yamekwisha, na sensa iliyokuwa imezama sasa inapima hewa. Huo ndio wakati wa kuzima injini palepale ulipo.

Inapanda wakati gani?

Tuseme shahidi ni mkweli. Sasa uliza lile swali.

Kama joto linapanda kwenye foleni na kushuka mara gari linapoanza kutembea, tatizo liko kwenye upepo. Gari likishapita kilomita 50 au 60 kwa saa, mwendo wenyewe unaleta upepo wa kutosha na feni inakuwa abiria. Ukisimama, feni ndiyo kila kitu. Pikapu nyingi zina klachi ya feni, yaani kile kitako cha duara katikati ya feni chenye mafuta mazito ya silikoni ndani. Kikiwa baridi kinateleza, na kikipigwa na hewa ya moto kutoka kwenye rejeta kinashika. Mafuta hayo hupungua taratibu kwa miaka. Zima injini, weka ufunguo mfukoni mwako mwenyewe, kisha sukuma feni kwa mkono. Ikijizungukia mara tatu nne kama pangaboi, imechoka. Tazama pia kama katikati yake kuna vumbi lililoloana mafuta.

Mafundi wetu wengi hukata shauri la haraka: wanaifunga klachi kwa boliti au kuichomelea ili feni izunguke na injini wakati wote. Inapoza, sikatai. Lakini inapiga kelele, inakula nguvu na mafuta. Kwa pikapu ya kubeba mahindi kutoka shambani siwezi kumlaumu mtu. Ninacholaumu ni kutupa lile kava la plastiki linaloizunguka feni. Likivunjika watu huliacha gereji, kwa sababu gari linawaka na kutembea bila hilo. Bila kava, feni haivuti upepo kupitia rejeta nzima, inakoroga tu hewa ileile ya moto ndani ya boneti. Nimeona watu wakinunua rejeta mpya huku kava la elfu chache likiwa limetupwa nyuma ya nyumba.

Kama kwenye foleni hali ni shwari na joto linapanda kwenye barabara kuu, feni haihusiki. Hapo ama maji hayapiti ya kutosha, ama yanapita lakini rejeta haiwezi kuyapoza. Anzia nje. Magari yenye kiyoyozi yana kondensa, yaani rejeta ya kiyoyozi, iliyokaa mbele ya rejeta ya injini, na kati yao kuna nafasi ya vidole viwili ambayo haionekani bila tochi. Humo hukaa tope, mbegu za nyasi, mbawa za senene na karatasi za nailoni. Ukiosha, osha kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa maji ya bomba la kawaida. Zile mashine za presha za kuoshea magari hulaza vibati na kuziba palipokuwa wazi.

Ukishaona nje ni safi, ingia ndani. Injini ikishapata moto na kuzimwa, pitisha bunduki ya joto juu ya uso wa rejeta. Rejeta nzima hupoa polepole na kwa mpangilio kutoka upande maji yanapoingilia kwenda yanapotokea. Ukikuta kiraka kilichopoa katikati ya palipo moto, mirija ya hapo imeziba na maji hayapiti. Kisha mwambie mtu akanyage mafuta huku wewe unatazama mpira wa chini wa rejeta. Huo ndio upande ambao pampu inanyonya. Mpira uliolainika kwa uzee hujibana kama mrija wa soda unaponyonywa kwa nguvu, na injini ikirudi kwenye mzunguko wa chini unajifungua, ukifika gereji kila kitu kinaonekana kizima. Mkanda unaoteleza nao hufanya ujanja kama huo. Pampu yenyewe huanza kuvuja kwenye kitundu kidogo kilicho chini ya shafti yake, na kitundu hicho kiliwekwa makusudi ili kikuonye mapema. Usikubali mtu akizibe kwa gundi.

Mlimani tu? Hapo mambo yanachanganyika, maana mlima haumtafuti mkosaji mmoja. Unaukusanya udhaifu wote mdogo na kuudai siku moja. Rejeta iliyoziba robo, klachi ya feni iliyochoka nusu, taa kubwa tatu na namba ya gari vilivyofungwa mbele ya grili, breki moja inayobana, pampu ya dizeli iliyowekewa mafuta mengi kuliko inavyotakiwa ili gari "lipate nguvu". Kila kimoja peke yake kinavumilika. Na gia! Watu wengi hupanda wakiwa wamekaa gia ya nne, mguu umelalia mafuta, injini inagugumia chini. Kumbuka nilisema pampu na feni huzungushwa na injini. Injini inayozunguka polepole inasukuma maji polepole na kuvuta upepo kidogo, wakati huohuo inachoma mafuta mengi. Rudi gia ya tatu au ya pili, injini izunguke kwa wepesi, na mara nyingi mshale unashuka bila kufungua nati yoyote.

Mwisho, joto linalopanda ndani ya dakika tano za kuwasha gari asubuhi. Tazama kwanza kama maji yapo. Kama yapo na mshale uko juu huku mpira wa juu wa rejeta bado ni baridi, themostati imekwama ikiwa imefungwa, au kuna hewa imenaswa ndani. Hewa huingia gari likijazwa maji kwa haraka. Liegeshe pua ikiwa juu, jaza taratibu kifuniko kikiwa wazi, washa hita ya kabini kama bado ipo, acha injini izunguke mpaka mapovu yaishe.

Gasketi: usiogope kabla ya kupima

Neno gasketi huwatisha watu mpaka wanauza gari. Lakini gasketi iliyoachia ina tabia zake, na nyingi unaweza kuzipima bila kulipa mtu.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji mpaka juu, washa na utazame. Mapovu yanayokuja mfululizo na hayaishi ni hewa ya silinda inayoingia kwenye maji. Au acha kifuniko kimefungwa, washa, na baada ya dakika moja minya mpira wa juu. Kama umeshakuwa mgumu kama kuni wakati maji bado ni baridi, presha hiyo haijatoka kwenye joto, imetoka kwenye silinda. Asubuhi ya kesho yake, ukifungua kifuniko na kusikia presha ikitoka wakati gari limelala usiku mzima, ni dalili ileile. Tazama oili kwenye kijiti chake: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia humo. Baadhi ya gereji zina dawa ya maji ya bluu inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta, ambayo hubadilika rangi ikikutana na moshi wa injini. Fundi akikuambia gasketi imekufa, mwombe akuonyeshe moja kati ya haya kabla hajafungua hedi.

Manjano, mayai na maji ya kisima

Themostati kuitwa kifaa cha nchi za baridi ni imani niliyoisikia kuanzia Tunduma hadi Horohoro. Hoja yake inaeleweka: kwetu hakuna theluji, kwa nini tumfungie mlinzi geti? Kwanza, injini isiyofika joto lake huchoma dizeli vibaya, hutoa moshi na hulika upesi. Pili, na hili ndilo watu hawalijui, injini nyingi zina njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta wakati injini ni baridi. Themostati ikifunguka kuelekea rejeta, kitako chake cha chini kinaiziba njia hiyo ya mkato. Ukimfukuza mlinzi, mageti yote mawili yanabaki wazi. Asubuhi injini inachelewa kupata moto, na mlimani sehemu ya maji yanayochemka inajirudia ndani bila kuiona rejeta kamwe. Kipuri kilichotolewa ili kupoza kinakuwa sababu ya joto.

Kama unaishuku themostati, usiitupe, ipike. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Ikifunguka karibu na namba yake na kujifunga maji yakipoa, irudishe kazini.

Imani nyingine ni kwamba kulanti ni ya kuzuia maji kuganda, kwa hiyo sisi maji ya bomba yanatutosha. Kwa haki, maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti. Tatizo ni yanachokiacha nyuma. Fungua birika lolote la Dodoma utazame ukoko mweupe ulioganda chini. Ukoko huohuo unajengeka ndani ya mirija ya rejeta, ambayo ni myembamba kuliko mdomo wa birika mara nyingi sana. Ongeza kutu ya bloku na unapata uji wa rangi ya matofali. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu, inapandisha kiwango cha kuchemka na inalainisha sili ya pampu. Ukishindwa kuipata, maji ya mvua yaliyokingwa safi ni afadhali kuliko ya kisima.

Manjano, pilipili manga na ute wa yai humwagwa kwenye rejeta ili kuziba tundu linalovuja. Vinaziba kweli, kwa sababu havichagui. Vinaziba tundu la nje na vinaziba mirija ya ndani. Ukilazimika kufanya hivyo porini usiku, fanya ufike, lakini kesho yake rejeta ikaoshwe.

Na ukiwa barabarani mshale umeshaingia nyekundu: zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho hata kama mtatoka jasho, egesha. Usifungue kifuniko. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 yanayoshikiliwa na presha hubadilika kuwa mvuke mara presha inapoondoka, na yanakurukia usoni. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono bila kuuachia, kama nusu saa au zaidi. Wala usimwage maji baridi juu ya injini, hedi itapasuka kama glasi ya chai iliyotiwa kwenye barafu.

Mlinzi aliyefukuzwa zamani

Tuirudie simu ya Ruaha Mbuyuni. Nilimuuliza shemeji: foleni ya Msamvu, Morogoro, mshale ulikuwaje? Akasema ulikaa kimya. Tambarare ya Mikumi? Ulipanda alipopita kilomita 80, ukashuka alipopunguza kwa ajili ya wanyama. Nikaiondoa feni. Mpira wa juu asubuhi ulikuwa laini, maji hayapungui, oili nyeusi ya kawaida. Nikaiweka gasketi pembeni. Kisha akasema jambo ambalo hakulihesabu kuwa ni tatizo: asubuhi za Iringa mshale huchukua karibu nusu saa kuinuka.

Gari linalochelewa kupata moto asubuhi na kuzidisha moto mchana linaonekana kama linajipinga. Nilimwambia apunguze mifuko, apande Kitonga kwa gia ya pili, na akifika afungue kiota cha themostati. Mifuko minne aliiacha kwa muuza vitunguu.

Hapakuwa na themostati. Mwenye gari wa kwanza, aliyeishi Dodoma, au fundi wake, aliing'oa miaka hiyo na hakumwambia mtu. Yule fundi wa Dar es Salaam alikuwa anaagiza kiondolewe kitu ambacho hakimo. Fundi rejeta alipoyeyusha risasi na kufungua tangi la juu, rejeta ikiwa ya shaba ya zamani inayokubali kufunguliwa, theluthi ya mirija ilikuwa imejaa ukoko wa birika. Akaizibua kwa rodi nyembamba, mrija mmoja mmoja, siku nzima. Wakaweka themostati ya 82, kifuniko kipya na kulanti.

Mwezi wa kumi na mbili alipanda tena na mifuko 20, tani moja kamili, nyuma ya lori lililokuwa likitambaa. Alinipigia akiwa Ilula, ananunua nyanya.

"Ulipanda kama unene wa kidole, Shem, kisha ukarudi mahali pake. Ila sasa geji ya mafuta imeanza kucheza."

"Inacheza peke yake, au na ya joto inacheza nayo?"

Kimya kidogo. Nikasikia mlango wa pikapu ukifunguliwa.

"Ngoja niwashe swichi nitazame."